Barua Iliyokaa Mfukoni

Leo asubuhi nimetwanga majani ya pamba
katika kinu kilichogandishwa kwa nitrojeni;
moshi mweupe ukanipanda hadi kiwikoni,
majani yakavunjika kama vigae vya kioo.
Siku sita yamekunywa chumvi.
Chumvi ileile, Baba, uliyokuwa ukiikung'uta kofiani
kila upepo ulipovuma kutoka kule bahari ilikokuwa.

Nilidhani mmea ulioumia hupiga kelele.
Miaka minne nimeutegea sikio,
na hapa Nukus, chini ya taa inayokonyeza,
nimekuta kwamba kwanza hunyamazisha.

Nikueleze kwa lugha ya kazi yako.
Ndani ya kila seli kuna ofisi kuu.
Humo amri hunakiliwa: kua, chanua,
tandaza jani jingine juani.
Nakala hutoka mlangoni, zaelekea karakana
ambako neno hugeuzwa kuwa mwili.
Na hapo njiani
kuna kijibarua cha herufi ishirini na moja.
Hakijengi kitu. Hakijui kujenga.
Kimeshikwa na protini yenye makali,
kinapita kikisoma kila nakala inayokatiza,
na kikiikuta ile inayooana nacho
herufi kwa herufi, kama meno ya zipu,
makali hushuka.
Karakana haitaisikia amri hiyo.

Amri yenyewe haikuwa mbaya,
na hilo ndilo lililonichelewesha kuelewa.
Kua ni neno jema.
Ila kuna mwaka ambao kati ya kua na kuua
pana herufi moja tu.

Nilikuwa na miaka tisa kiangazi kile
mto Amu ulipotufikia umechoka, umejaa matope.
Ulikuwa mlinzi wa lango la mfereji wa tisa,
funguo tatu kiunoni, pikipiki isiyo na breki.
Karatasi ikaja kutoka wilayani, mhuri wa zambarau:
fungua lango lote kwa mashamba ya mpunga.
Uliisoma umesimama. Ukaikunja mara nne,
ukaitia mfuko wa koti, ukaomba chai.
"Inasemaje?" Mama akauliza.
"Bado naisoma."

Uliisoma siku kumi na moja.
Na siku hizo kumi na moja
matikiti ya bibi Biybisara, na mtama
wa watu wa mwisho kabisa wa mfereji,
vikapata maji ya kulowesha kisigino.

Walipokuja na gari kuchukua funguo hukubisha.
Ulizihesabu kiganjani mwao: moja, mbili, tatu.
Nilikuonea haya. Nilitaka ubwatuke.
Husemwa kimya kina mshindo;
mimi nilisikia tu vyombo vikioshwa.

Sitaki kukudanganya, mfano wangu unavuja.
Kijibarua hakina koti, hakina mke wa kumkazia macho.
Hakikuchagua.
Tena viko vingine vifanyavyo kinyume:
siku zote vimeikalia amri moja ya kujikinga,
chumvi ikija hupungua, hujiondoa,
na amri iliyokaliwa ikainuka, ikaanza kufua ngao.
Kunyamaza kwa nani, lini, kwa kiasi gani,
hayo ndiyo yanayoninyima usingizi.

Trei ya kumi na nne ina miche miwili.
Mmoja tulimfutia kijibarua chake.
Alirefuka vizuri, wote wakaja kumpiga picha;
siku ya tano akalala chini, hakuinuka.
Jirani yake ni mfupi, ana jani moja lililojikunja
kama mtu anayeficha kitu kwapani.
Yuko hai.

Nitakuja Jumapili na basi la saa mbili.
Huyo mfupi nitamleta kwenye kopo la rangi.
Ukiniuliza anasemaje,
nitakwambia bado namsoma.
Nimekununulia pia waya wa breki.